Kadi ya Mzee Mihayo

Mwezi uliopita binti yangu Asha alikuja Dodoma kunitembelea, akaikuta kompyuta yangu imekuwa mzigo. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai, ukanywa, ukarudi ukaikuta bado inajivuta. Akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kufuta programu ambazo hata sijui ziliingiaje: ya kucheza karata, ya kupamba picha, na moja eti ya kupima usingizi. Mimi nilikaa pembeni na ungo wangu, nachambua mchele. Kila alipofuta moja nilisema, "Haya, imetoka hiyo," naye akanijibu bila kugeuka, "Bado, mama. Hapo imetoka programu tu. Inaacha mabaki: mafaili yake, mipangilio yake, jina lake kwenye orodha. Usipoyafuata huko yalikojificha, hujaondoa kitu." Akaanza kuyafuata, folda moja baada ya nyingine, kwa uvumilivu ambao hakuurithi kwangu. Mkono wangu ukasimama juu ya ungo. Maneno hayo niliwahi kuambiwa, karibu vilevile, nikiwa na miaka kumi na tisa, katika chumba kilichonuka nta mjini Tabora. Aliyeniambia alikuwa ananifundisha kazi. Nilijifunza vizuri, na mwaka uleule nikaitumia kazi hiyo kufanya jambo ambalo mpaka leo likinijia ghafla, hata nikiwa peke yangu jikoni, uso unaniwaka.

Siku mbili baadaye simu ililia. Alikuwa mjukuu wa Bwana Kondo, yule aliyenifundisha kazi, ananiarifu kwamba babu yake amefariki palepale Ng'ambo, Tabora, nyumbani kwake. "Alikuwa anakutaja sana, bibi," akasema. Watu humwambia hivyo kila mfiwa, lakini mimi nilikata simu nikaenda chumbani, nikafungua sanduku langu la bati, nikatoa bahasha ya kaki iliyokaa chini ya vyeti vyangu vyote. Ndani yake mna kadi moja ya manila, ukubwa wa kiganja. Sikuwahi kumwonyesha mtu, hata marehemu mume wangu. Nikaitia mkobani, na kesho yake nikapanda basi la Tabora. Njiani nilijiambia ninakwenda kuzika. Huo nao ulikuwa uongo, kwa sababu nilijua vizuri kwamba nitafika Bwana Kondo ameshazikwa.

Ofisi ile sitaitaja jina. Ilishughulika na warina asali wa mapori ya kusini, upande wa Ipole na kuendelea, na mimi niliajiriwa hapo mwaka wa Operesheni, mwaka ambao watu walihamishwa kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Masjala ilikuwa chumba cha mwisho barazani: dirisha moja la nondo, makabati manne ya chuma, meza mbili, na ramani kubwa ukutani iliyochomwa pini zenye vichwa vya rangi. Kila pini ilikuwa mrina asali mmoja na pori lake la mizinga. Chumba cha jirani kilikuwa stoo ya nta, na harufu yake iliingia mpaka kwenye nywele. Nilipanga chumba Kitete kwa mama mmoja aitwaye Bi Tatu, naye alikuwa akisema hana haja ya mimi kubisha hodi, ananijua nikiwa bado kwenye kona. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na ufunguo wa kabati la serikali kwenye mkufu shingoni, na nilihakikisha unaonekana.

Mkuu wa masjala alikuwa Bwana Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, nadhifu, suruali imenyooshwa pasi mpaka inatisha. Mfukoni alikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na nyekundu hakumwazima mtu. Wiki yangu ya kwanza alitoa jalada moja kabatini, akaliweka mezani, akaniuliza, "Mwanaidi, huyu mtu ameondoka?" Nikasema ameondoka. Akacheka. "Umetoa jalada tu. Mtu ana mabaki. Kadi yake iko kwenye droo. Jina lake liko kwenye kitabu kikubwa. Jalada la jirani yake lina barua inayomtaja. Pini yake ipo ukutani. Ukiacha kimoja, kesho utaulizwa, nawe utakuwa na mtu nusu. Kama ni wa kubaki, abaki mzima. Kama ni wa kuondoka, mfuate mpaka mwisho." Alinifundisha kuyatafuta mabaki hayo moja baada ya jingine, na kwa kweli nilikuwa na jicho. Baada ya miezi mitatu alikuwa ananisifia kwa watu wa stoo.

Saa nne tulikunywa chai ya asali na mihogo ya kuchemsha, na mara mojamoja mke wake alituletea ugali na nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde iliyoungwa kwa karanga, ambayo Bwana Kondo alikula mpaka akalamba vidole huku akiitukana. Ilikuwa lazima aitukane. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo na kupita katika vijiji vya Uzaramo, wakila huko, wakiugua huko, wakizikwa huko na watu wasio ndugu zao. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akachukua kitu chako, akakutangazia kifo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Hilo nililijua tangu sijaota meno, ndiyo maana sina la kujitetea.

Mtani wa Bwana Kondo hasa alikuwa Mzee Mihayo, mrina asali wa pori la mbele ya Ipole. Alikuwa mrefu, mkavu, koti lake la kaki linanuka moshi, mikono ina alama za miiba ya nyuki wa miaka yote. Kila baada ya miezi mitatu alikuja kugongewa muhuri kwenye kibali chake cha kuingia porini, na sauti yake ilianza kusikika tangu getini.

"Hodi! Yule mla nazi bado yupo, au serikali imeshamtupa?"

"Karibu, mpagazi. Mzigo umeutua wapi leo?"

"Nimeutua kwa bibi yako, akanipa uji nikalala."

Halafu walishikana mikono muda mrefu, na mzee alinigeukia mimi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwanangu. Wewe wa kwetu, huyu asikuchoshe," akanipa kipande cha sega kilichofungwa kwenye jani. Siku moja nilikuwa nyuma ya ukuta, kwenye jiko la mkaa, nachemsha chai yao, nikawasikia. Bwana Kondo alisema, "Leo nakuzika, nimechoka kukuona." Mzee Mihayo akajibu, "Andika vizuri basi, maiti yangu haitaki kalamu mbovu." Kimya kidogo, kisha wakacheka wote wawili, kicheko cha kukohoa, mpaka watu wa stoo wakaja dirishani. Nilipoingia na sinia, mzee alikuwa anafutia dole gumba lenye wino kwenye koti lake. "Nimemzika," Bwana Kondo akaniambia. "Na marehemu ametia sahihi mwenyewe." Nikacheka, nikamimina chai. Kadi ilikuwa imelala mezani mbele yangu na sikuitazama.

Operesheni ilipofika upande wetu ilianza kwa maneno. Usiku na mchana Bi Tatu alizungumza na wageni wake sebuleni, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Dada yake alikuwa ameezuliwa paa huku chungu kiko jikoni. Mwingine alipakiwa kwenye lori pamoja na kuku, kuku wakafa njiani. "Lakini shule itakuwepo," mgeni mmoja alisema, na Bi Tatu akamjibu, "Shule nzuri. Mimi nauliza ule uji uliokuwa jikoni ulinywewa na nani." Mimi nilikuwa upande wa shule. Nilikuwa nimeimba nyimbo zote, niliamini, na sioni aibu kwamba niliamini. Aibu yangu iko mahali pengine.

Mkuu wa ofisi aliniita chumbani kwake. Bwana Kondo alikuwa likizo kwao, mama yake alikuwa mgonjwa sana. Mkuu akanieleza kwamba inatakiwa orodha safi ya warina asali walio hai na wanaofanya kazi. Walio kwenye orodha watawekwa katika kijiji kipya kandokando ya pori, na watapewa ruhusa ya kurudi kwenye mizinga yao. Wasiokuwemo watapelekwa kokote penye nafasi, wengi wao upande wa Urambo, kulima tumbaku. "Makabati yale yamejaa watu waliokufa na waliohama," akasema. "Yasafishe. Kondo hayupo. Utaweza?" Nikasema, "Nitaweza, mzee." Nilisema haraka, kabla hajamfikiria mwingine.

Nilifanya kazi ile siku nane, na nilikuwa na furaha, lazima niseme. Kadi ya mtu aliyekufa ilitakiwa iwe na mstari mwekundu, tarehe na muhuri. Nyingi zilikuwa hivyo, na nyingine zilikuwa zimeandikwa ovyo na makarani wa zamani. Nilipofika kwenye kadi ya Mihayo niliona kalamu nyekundu, mwandiko wa Bwana Kondo, herufi kubwa: AMEKUFA. Chini yake palikuwa na maneno mengine madogo. Sikuyasoma. Nilikuwa nimeshafika nusu ya droo na mchana ulikuwa unaisha. Nikaitupa kadi kwenye gunia la taka, nikaenda kumfuata kama nilivyofundishwa. Nikatoa jalada. Nikakata jina kwenye kitabu kikubwa kwa rula. Nikatafuta majalada ya jirani zake na kuchomoa barua zilizomtaja. Nikang'oa pini yake ukutani, na kwa kuwa tundu lilibaki linaonekana, nikachukua kibonge cha nta stooni nikaliziba, nikalainisha kwa kidole. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikatazama ramani, nikaona kazi nzuri.

Mkuu aliipokea orodha mbele ya watumishi wote. Akasema binti huyu amefanya kwa siku nane kazi iliyowashinda wanaume miaka kumi, na kwamba ataniandikia barua ya kwenda kusomea kazi Dar es Salaam. Orodha ikaondoka na gari. Magunia ya karatasi yakawekwa baraza la nyuma kusubiri kuchomwa moto.

Siku ya tatu yake, saa nne asubuhi, nikasikia sauti getini. "Hodi! Mla nazi yupo?" Kwa muda mfupi nilifurahi tu, kama kawaida. Halafu nikakumbuka jina.

Mzee Mihayo aliingia na kibuyu chake cha asali. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia. Akaitika, akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mwanangu, wamepita watu na karatasi," akasema. "Wanasoma majina ya warina asali. Wamewasoma wenzangu wote. Mimi hawakunisoma. Nikawaambia mimi ninaye mtani wangu mjini, anayo kadi yangu. Wakasema basi kalete karatasi. Malori yanakuja keshokutwa."

Nikasema ngoja nitazame. Nikafungua droo, nikapekua kadi huku nikijua kwamba yake haimo. Kisha nikamwambia nakuja, nikaenda baraza la nyuma. Gunia lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka alipoketi. Nilizihesabu baadaye, mara nyingi. Kadi ilikuwa karibu na juu. Nikaisoma yote, kwa mara ya kwanza. AMEKUFA, halafu kwa herufi ndogo: Ameliwa na nyuki wake. Msibani hakulia mtu. Mzaramo amerithi kibuyu. Chini ya maneno hayo, dole gumba la mzee, limekaa sawasawa katikati, kila mstari unaonekana. Maiti gani hutia dole gumba? Mtoto wa darasa la pili asingekosea. Mimi niliyezaliwa katika utani, niliyekisikia kicheko chenyewe kwa masikio yangu, nilikuwa nimemzika mtu kwa mzaha wa mtani wake.

Na bado hapo palikuwa na nafasi. Hilo ndilo nataka lieleweke. Kukosea ni kukosea. Ingetosha niingie kwa Mkuu niseme, mzee, nimesahau jina moja. Angenikaripia, angeandika barua fupi, gari lingekimbia nayo. Nilikuwa nimesimama na kadi mkononi, na kweli nilikuwa naanza kwenda, ndipo Mkuu akaniita kupitia dirishani. Alikuwa na mgeni kutoka mkoani, amevaa suti ya kola fupi. "Ndiye huyu," Mkuu akamwambia. "Mwanaidi, mweleze ndugu, ile orodha ina kasoro yoyote?"

Nikaificha kadi ndani ya sweta. Nikasema, "Haina, mzee."

Nikarudi masjala. Mzee Mihayo aliinua uso. Nikamwambia, "Jina lako halipo, mzee wangu. Labda ulijiandikisha ofisi nyingine."

"Ofisi nyingine ipi? Mimi sina nyingine."

"Halipo, mzee."

"Tafuta tena, mwanangu. Usiwe na haraka. Mimi nipo."

Nikatafuta tena. Nilisimama mbele ya droo nikifungua na kufunga, kadi yake inanikwaruza mbavuni. Akanyanyuka, akaenda kwenye ramani, akaanza kupapasa kwa kidole pale pini yake ilipokuwa. Hakujua kusoma, lakini mahali pake alipajua. Alipapasa nta. "Ilikuwa hapa," akasema. "Ya kijani." Nikasema labda ilianguka. Alinitazama kwa muda. Sidhani kama alinishuku, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nadhani alinionea huruma, kwamba mtoto huyu ameachiwa kazi inayomzidi. Akaweka kibuyu juu ya kabati. "Mpe mtani wangu akirudi," akasema. "Mwambie Mihayo alikuja, hajafa." Akaondoka kwa miguu, hakunywa hata maji.

Jioni ile niliamua nitairudisha kadi asubuhi. Asubuhi nikaamua nitamsubiri Bwana Kondo. Keshokutwa yake malori yalipita, na nikasikia Bi Tatu akiyahesabu kwa sauti huko sebuleni. Ile asali, kwa kuwa ilikuwa nzuri na sukari ilikuwa haipatikani, nikaanza kuitia kwenye chai yangu. Kijiko kimoja, kisha viwili. Nimewahi kufikiri niliache jambo hili lisisimuliwe, lakini nikiliacha, mengine yote yatakuwa nusu.

Bwana Kondo alirudi baada ya wiki mbili, amenyoa kichwa, maana mama yake alikuwa amefariki. Nikampa pole. Akakaa, akavuta droo, akaanza kupita kadi kwa kidole, anatabasamu peke yake. "Nimtafute mpagazi wangu," akasema, "nimwandike amefufuka. Nimeshazika sana mwaka huu." Akapita mara moja. Akapita mara ya pili polepole. Nikasema, "Nilimkuta ameandikwa amekufa." Mkono wake ukasimama. Kisha macho yake yakapanda juu ya kabati, kwenye kibuyu, kimebaki robo. Nilikuwa nimefuata mabaki yote ya Mzee Mihayo katika chumba kile, nikasahau hilo moja.

"Huyu alikuja lini?" akauliza.

Hakurudia kuuliza. Alikishusha kibuyu, akakitikisa karibu na sikio, akakirudisha. Kisha akanyoosha shati lake akaenda kwa Mkuu. Ukuta wa ofisi ile nao ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akisema kosa ni lake peke yake, kwamba alifanya mzaha kwenye kadi ya serikali, na karani aliyemwachia kazi hakuwa na njia ya kujua. Nikasubiri Mkuu aniite. Hakuniita. Bwana Kondo alipewa barua ya onyo na akahamishiwa stoo ya nta, kuhesabu vibonge. Aliomba Mzee Mihayo arudishwe, akaambiwa aliyekwisha kuandikishwa kijijini haondoki. Jumapili alipanda treni kwenda Urambo kumtafuta, na Jumatatu nilimfuata stooni, nikasimama mlangoni. Nikamuuliza amempata?

"Nimempata. Nimemwambia ni mimi."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu mimi anaweza kunicheka," akasema, akaendelea kuhesabu.

Mimi nilikwenda Dar es Salaam kusoma. Nilipanda cheo, nikahamia Dodoma, nikastaafu na hotuba na saa ya ukutani. Vijana niliowafundisha masjala waliniogopa kwa sababu nilikuwa nawaambia wasome kadi mpaka neno la mwisho, na walidhani ni ukali. Kadi nilikuwa nayo kila nilikohama. Miaka ya mwanzo nilijidanganya kwamba naihifadhi ili siku moja nimrudishie. Nilipopata habari kwamba Mzee Mihayo amekufa hukohuko Urambo, nilikosa hata uongo huo, lakini kuichoma sikuweza. Bwana Kondo tulipeana salamu za Idi mpaka mwisho, na kila mara alipokea simu kwa uchangamfu uleule. Hakuwahi kulitaja. Mara nyingi nilitamani alitaje.

Nilifika Ng'ambo siku ya tatu ya msiba. Tangu barabarani nilisikia kicheko, nikajua watani wamefika. Uani, katikati ya wanawake, alikuwa amesimama mama mmoja mtu mzima, mrefu, mkavu, amevaa kanzu ya marehemu na miwani yake aliyoigeuza juu chini. Mkononi ana gazeti lililokunjwa na kalamu nyekundu. Anaita majina ya waombolezaji kama karani, anawatazama juu ya miwani, anawakata. "Kondo wa Kisarawe!" akaita. "Yupo? Hayupo. Amekufa. Ameangukiwa na nazi. Msibani hakulia mtu!" Binti wa marehemu, macho yamevimba, alicheka mpaka akashika ubavu. Nikamuuliza jirani yangu ni nani huyo. "Ni Kalunde," akasema, "mtani wao kutoka Urambo. Baba yake alizikwa na marehemu kwa kalamu, akiwa hai. Humjui? Kila mtu hapa anakijua kisa hicho."

Nilimsubiri mpaka alipokwenda nyuma ya nyumba kuvua kanzu. Nikamfuata kwenye kibanda cha jikoni, palipokuwa na masufuria makubwa ya pilau yaliyoinamishwa kukauka. Aliniamkia shikamoo dada, kwa adabu, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia nilikuwa karani wake. Uso wake ukang'aa. Akaanza kunihadithia jinsi Bwana Kondo alivyokuwa akija Urambo kila mwaka na mchele na sukari, na jinsi walivyomfukuza kwa vijiti huku wanamcheka, muuaji amekuja, muuaji amekuja, na baba yake akicheka kuliko wote. "Lakini nyuki walipopita juu ya shamba," akasema, "baba aliacha jembe. Alisimama hivi mpaka wapotee. Mizinga yake hakuiona tena."

Nikafungua mkoba, nikampa bahasha. Akatoa kadi, akaiweka mbali na macho, akasoma. Akaanza kucheka, "Mzaramo amerithi kibuyu, aisee!" Kisha akaona dole gumba. Aliligusa kwa ncha ya kidole. Hakucheka tena.

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa. Gunia, sweta, mgeni wa mkoani. Nta kwenye ramani. Asali pia. Alinisikiliza amesimama.

"Siku ile baba amesimama mbele yako," akasema, "hii ulikuwa nayo mwilini?"

"Nilikuwa nayo."

Aliitazama tena kadi. Halafu akasema, taratibu, bila kupandisha sauti, "Kondo tulimcheka miaka yote, tukapoa. Wewe si mtani wetu, dada. Wewe ni Mnyamwezi mwenzetu, baba alikuita mwanangu. Wewe tutakuchekaje?"

Nikamwambia sikuja kusamehewa, nimekuja kuirudisha kadi kwa wenyewe. Akairudisha kwenye bahasha, akaukunja mdomo wake vizuri, akachukua mkono wangu akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole.

"Kaa nayo," akasema. "Imekuzoea."

Akavaa tena miwani ya marehemu juu chini, akarudi uani. Mimi nilibaki kati ya masufuria, bahasha mkononi. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia akiita majina, na watu wakicheka, na nikasikiliza mpaka mwisho wa orodha. Langu hakuliita.